Suruali ya baridi yenye bitana: ya mtoto na ya mama, kitenge kimoja

Ugonile kwa wa Tukuyu, kamwene kwa wa Iringa na Njombe, na shikamooni nyote mlionizidi umri. Hapa Mbeya tumeshaingia Juni. Asubuhi mtoto hatoki kitandani mpaka abembelezwe, na suruali nyingi za dukani ni nyepesi mno kwa baridi hii. Leo tunashona suruali ya lastiki yenye bitana, kwanza ya mtoto wa miaka mitano hivi, kisha nitakuonyesha namna ya kuikata iwe yako. Wa Kyela mnaweza kuruka habari za bitana, joto lenu tunalijua.

Hapa mezani nina kitenge cha pamba cha yadi 6. Mtoto wa umri huo anatosha kwenye yadi 1, mama mwenye mwili wa wastani anatumia 3, kwa hiyo wadogo wengine wawili nao wanapata. Bitana yangu ni shuka la mtumba la flaneli, lile zito lenye vinyweleo laini. Pale Mwanjelwa ukipita kwenye mafungu ya mashuka, yapapase tu. Rangi usihangaike nayo, itakaa ndani. Napenda la mtumba kwa sababu limefuliwa sana huko lilikotoka, limeshasinyaa kadiri litakavyosinyaa. Kitenge kipya bado. Kifue leo peke yake, kianike, kipige pasi, ndipo ukiguse na mkasi. Ukishona kabla ya kufua, kitenge kitasinyaa peke yake na bitana itabaki ndefu, ichungulie miguuni.

Sasa chati, yaani karatasi ya kukatia. Usisumbuke na hesabu nyingi, chukua suruali ya mtoto inayomtosha vizuri leo, ya lastiki au hata ya kulalia. Karatasi nzuri ni ile kaki ya ndani ya mfuko wa saruji, ikung'ute vumbi kwanza. Kunja suruali katikati, mguu juu ya mguu, upande wa mbele ukiwa nje. Vuta lastiki mpaka mikunjo ya kiunoni iishe, ibane kwa pini. Chora ukizunguka. Halafu kunja upande wa pili, sehemu ya nyuma ikiwa nje, chora na hiyo.

Angalia michoro yote miwili hapa, sogea karibu na skrini. Unaona msamba wa nyuma umeingia ndani zaidi, na kiuno cha nyuma kimepanda juu? Hiyo ndiyo nafasi ya makalio. Wanaokata mbele na nyuma sawasawa ndio ambao suruali zao zinashuka mtoto akiinama. Kama hiyo suruali ya zamani haina tofauti hiyo, iongeze mwenyewe: pandisha katikati ya kiuno cha nyuma kwa inchi moja, kisha teremsha mstari taratibu mpaka ubavuni. Na kama mtoto bado anavaa nepi, pandisha inchi moja na nusu.

Unganisha sasa karatasi ya mbele na ya nyuma ubavu kwa ubavu, ziwe kipande kimoja kipana. Mguu mzima unakatwa kwa kipande kimoja, mshono wa ubavuni haupo kabisa. Ongeza nafasi ya kushonea: nusu inchi kwenye msamba na mguu wa ndani, inchi 2 juu kiunoni, inchi 3 chini. Ndiyo, 3. Mtoto anarefuka upesi kuliko anavyonenepa, na pindo hilo utalifumua mwakani bila kununua kitambaa kingine. Upana ukitaka uzidi, ongeza inchi moja ubavuni kabla hujaunganisha karatasi, isizidi hapo. Suruali pana mno haipashi joto, inapitisha upepo.

Kukata. Kunja kitenge ukingo kwa ukingo, ule ukingo wenye maandishi, uso ndani. Upana wake ni kama inchi 44, ukikunja unabaki na 22, na kipande cha mtoto huyu kwa kawaida hakifiki 20. Mstari wa ubavu ulale sambamba na ukingo, la sivyo mguu utajipinda ukishafuliwa. Ukikata kitambaa kikiwa kimekunjwa hivyo, unapata mguu wa kulia na wa kushoto kwa pamoja. Angalia pia ua la kitenge: kama kuna ndege au vibuyu vyenye kichwa na miguu, viwe vimesimama.

Flaneli inakatwa kwa karatasi ileile ila na mabadiliko mawili. Juu kiunoni usiongeze kitu, kata palepale kwenye mstari wa kiuno. Chini iwe fupi kuliko kitenge. Mimi huacha inchi 2 tu za pindo, zatosha.

Twende kwenye cherehani. Sindano namba 14 inatosha kwa kitenge na flaneli, mshono usiwe mfupi sana. Jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa, tena kiwe na vitambaa vyote viwili, uone kama uzi wa chini haulegei. Kunja mguu mmoja uso ndani, shona mguu wa ndani kutoka chini mpaka msambani. Fanya hivyo kwa miguu yote minne, miwili ya kitenge, miwili ya bitana.

Hatua inayowachanganya wengi ni hii, kwa hiyo naenda polepole. Geuza mguu mmoja wa kitenge, uso uwe nje. Mwingine uache ulivyo, mgongo nje. Ingiza ule wa kwanza ndani ya huu wa pili, kama unavyovisha mkono kwenye soksi. Nyuso zimekutana ndani, sawa? Oanisha mishono ya miguu pale msambani, bana kwa pini, kisha piga bandi, ile mishono mirefu ya kushikiza kwa muda, kwa uzi wa rangi nyingine ukizunguka kuanzia kiuno cha mbele mpaka cha nyuma. Hakikisha mbele imekutana na mbele. Ile yenye kiuno kirefu ni ya nyuma. Sasa shona. Ukifika mwisho rudia mstari wa pili sambamba na wa kwanza, upande wa ukingo, kwa sababu msamba ndio unaoachia mapema. Fanya vivyo hivyo kwenye bitana.

Huna cherehani? Shona kwa mkono, sindano ikirudi nyuma kila hatua. Msambani tumia uzi mara mbili. Inachukua jioni kadhaa, lakini inashika.

Kitenge kigeuze uso nje. Bitana iache mgongo nje, iingize ndani ya kitenge, migongo ikutane na vinyweleo viguse ngozi ya mtoto. Kwa mtindo huu kingo zote zilizokatwa zimefichwa katikati, hazichomozi nyuzi kirahisi wala haziwashi, na hulazimiki kupeleka ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo. Mafundi watanisamehe.

Kiunoni, ukingo wa bitana umeishia pale kitenge kitakapokunjwa. Kunja kitenge nusu inchi kuelekea ndani, piga pasi, kunja tena inchi moja na nusu ifunike bitana, shona kwenye ukingo wa chini wa mkunjo huo. Nyuma acha upenyo wa inchi 2. Lastiki ya upana wa inchi moja inafaa. Pima kiuno cha mtoto, toa inchi moja, kata. Ncha zikipandana inchi moja, inabaki imebana kwa inchi 2. Ipitishe kwa pini kubwa ya nepi, huku ncha ya pili umeibana kitambaani isije ikazama. Ncha zibane kwa pini tu, usizishone bado.

Pindo la chini likunje nusu inchi, kisha mbili na nusu, ulishone kwa mkono kwa hatua ndefu ili kufumua kuwe rahisi. Bitana ikunjwe peke yake, iishie inchi moja juu ya kitenge, isishikane nacho. Ikishonwa pamoja, suruali inavutika magotini.

Ya mama sasa. Chati inatoka vilevile kwenye suruali yako, lakini kipande kimoja kinafika inchi 30 na kidogo, kwa hiyo miguu miwili haiwezi kukaa kando kwa kando. Tandaza kitenge bila kukunja, kata mguu wa kwanza, kisha geuza karatasi mgongo juu ndipo ukate wa pili mbele yake. Usipogeuza utapata miguu miwili ya kulia. Na usikunje kitenge ncha kwa ncha ili kuokoa muda, ndege wa mguu mmoja watasimama kichwa chini. Bitana ya kwako inaweza kuishia chini kidogo ya goti. Ukivaa chini ya kanga kwenda shambani alfajiri, mapaja na magoti ndiyo yanayotetemeka. Pindo la inchi moja na nusu linatosha, wewe hurefuki tena.

Kabla ya kufunga lastiki, mvalishe mtoto. Mwambie achuchumae, apande kwenye kiti, ainame aokote kitu. Kiuno cha nyuma kikishuka, kaza lastiki nusu inchi. Kikiacha alama nyekundu tumboni, ilegeze. Ikikaa sawa, shona ncha za lastiki kwa mistari ya kwenda na kurudi, iingize ndani, ziba ule upenyo.

Mabaki ya kitenge msitupe, wiki ijayo tunayatumia kwa mifuko.