Askari wa nyuma ya difenda analindwa na nini?

BARAKA: Karibuni tena wasikilizaji. Leo ni fedha za umma na usalama wa askari ndani ya magari ya doria. Dada Rehema, mada ni yako, anza.

REHEMA: Asante kaka Baraka. Mwaka 2017 jijini New York, askari mmoja, Miosotis Familia, mama wa watoto watatu, alipigwa risasi akiwa ameketi ndani ya gari la polisi. Ilipita dirishani. Meya Bill de Blasio akatangaza dola milioni 10.4 za kuweka vioo vya kuzuia risasi kwenye magari ya doria.

BARAKA: Na sisi tumezika. Aprili mwaka huohuo, Kibiti mkoani Pwani, askari 8 waliuawa kwenye gari lao wakitoka kubadilishana lindo.

REHEMA: Ndiyo maana nasema tusiige kioo tukadhani tumemaliza. Simama Buguruni, hapa Dar, difenda ikipita, lile gari la polisi lililo wazi nyuma. Mbele kuna dereva na mkuu wake, wana mlango, wana kioo. Nyuma vijana wamebanana kwenye benchi, mgongo kwa mgongo, bunduki katikati ya magoti, mkono mmoja umeng'ang'ania bomba. Hao kioo kinawasaidia nini?

BARAKA: Hakuna. Na mimi naiogopa hata ajali. Gari likipinduka Barabara ya Morogoro, wale wa nyuma wanarushwa wote.

REHEMA: Kabisa! Mikanda na kofia ngumu ni vya kwanza, kisha fulana za kuzuia risasi.

BARAKA: Fulana inazuia SMG, zile bunduki za aina ya AK-47?

REHEMA: Ile laini ni ya risasi za bastola. Kwa SMG lazima uongeze mabamba magumu kifuani na mgongoni, na ni mazito, kwa joto hili la Dar utayasikia. Halafu fulana ina umri. Watengenezaji wengi huipa miaka 5, baada ya hapo hawaitolei tena dhamana. Kwa hiyo huwezi kununua mara moja, ukapiga picha za makabidhiano, ukasahau.

BARAKA: Mwananchi atakuuliza kuhusu dawa na madawati.

REHEMA: Aulize, hela ni yake. Ila yule kijana wa benchi tumemtuma sisi. Bajeti ya Polisi ni Fungu 28, inapitishwa bungeni Dodoma pamoja na ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Nataka kinga ya askari iwe na kifungu chake, kiasi chake kinaonekana, na fedha ya kubadilisha vilivyochakaa imo. Ikichanganywa na mafuta na matairi, mafuta yataimeza, maana gari lisipowaka kelele zinasikika siku hiyohiyo.

BARAKA: Hapo nakuunga mkono. Na CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, akikagua ahesabu fulana ambazo muda wake haujaisha, asihesabu zilizojaa stoo.

REHEMA: Na mikanda ya nyuma aivute kwa mkono wake.

BARAKA: Askari mnaotusikiliza, tuandikieni mnachovaa mkipanda nyuma. Majina yenu hatutayasoma.