Msemen: Mkate wa Moroko, Mtupu na wa Kujaza

Salum: Assalaam alaykum, karibuni jikoni. Bi Rehema, leo tuko Moroko, na tunaanza na msemen. Kwa asiyewahi kuuona, ni mkate gani?

Rehema: Wa alaykum salaam, kaka Salum. Ni mkate wa mraba wenye matabaka, unapikwa kwenye kikaango kipana. Wamoroko huula asubuhi kwa siagi na asali, na tena alasiri kwa chai ya mnanaa. Ukiupasua unaachia matabaka kama chapati ya ajemi, ila huu hauguswi na mti wa kusukumia. Ni mikono na mafuta tu.

Salum: Tupe vipimo.

Rehema: Unga mweupe wa ngano vikombe 3½, suji laini nusu kikombe, chumvi na sukari vijiko 2 vya chai kila kimoja, hamira robo kijiko cha chai, na maji ya vuguvugu kama kikombe 1½.

Salum: Hamira robo kijiko! Itafanya nini?

Rehema: Kidogo sana, na wako wasiotia kabisa. Kazi kubwa iko kwenye kukanda. Kanda dakika 10 nzima, mpaka donge liwe laini kuliko la chapati lakini lisigande vidoleni. Kata madonge, yapake mafuta, funika, uyaache dakika 15 au zaidi. Tafadhali, hapo msiharakishe. Donge ambalo halijapumzika ukilitandaza linarudi palepale, na ukililazimisha linachanika.

Salum: Sasa tutandaze.

Rehema: Paka mafuta meza na viganja. Weka donge, libonyeze kutoka katikati kwenda nje, ukitelezesha viganja, mpaka uone rangi ya meza chini yake. Ukitoboa tundu dogo, usijali, litafichwa na mikunjo. Paka siagi laini, nyunyiza suji kidogo juu yote. Kunja theluthi ya juu ije katikati, ya chini iifunike, kisha fanya hivyo kwa pande mbili zilizobaki. Umepata mraba.

Salum: Ile suji ya katikati ni ya nini?

Rehema: Inazuia matabaka yasishikane. Ukiiacha, utapata mkate mzito uliojifunga ndani. Miraba nayo ipumzike tena kidogo, kisha uitandaze kwa kiganja ifike karibu mara mbili ya ukubwa wake. Moto wa wastani, geuza mara kadhaa, mpaka madoa ya dhahabu yatokee pande zote.

Salum: Na wa kujaza? Huo ndio nilioungojea.

Rehema: Na mimi ndio ninaoupenda zaidi. Kule wanatia vitunguu vilivyokatwa vidogo sana, kotmiri, bizari nyembamba, paprika, pilipili, na shahamu ya ng'ombe inayoyeyukia ndani. Wengine hutia khlii, nyama iliyokaushwa ikahifadhiwa kwenye mafuta yake. Sisi tunaweza kutumia nyama ya kusaga, mradi uikaange mpaka maji yaishe, na uiache ipoe kabisa. Kitunguu kinachotoa maji kitalowesha unga, na hapo hakuna mkunjo utakaoshika. Utawanye mchanganyiko juu ya unga uliotandazwa kabla ya kukunja, kiasi cha kijiko kimoja au viwili, usizidishe.

Salum: Ipo mikate mingine ya kujaza?

Rehema: Ipo batbout, midogo ya duara, ya hamira, inapikwa kwenye kikaango kikavu, inafura na kuacha mfuko ndani. Huo unajazwa baada ya kuiva: kofta, yaani nyama ya kusaga yenye viungo, samaki tuna, saladi. Mwezi wa Ramadhani utaikuta kwenye futari nyingi. Halafu kuna medfouna ya Rissani, huko Tafilalt, kusini-mashariki karibu na jangwa. Mkate mkubwa wa duara, nyama na vitunguu vimefungiwa ndani kabla haujaiva, na zamani ulifukiwa kwenye mchanga uliopashwa moto. Siku hizi unaingia tanurini.

Salum: Ningependa kuuona huo ukitolewa mchangani! Na msemen tukipika mingi, inakaa?

Rehema: Inakaa vizuri kwenye friza. Iache ipoe, tenganisha kwa karatasi, funga vizuri. Siku ukiitaka, weka moja kwa moja kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, ugeuze mpaka ukingo uwe mkavu tena. Ya asali, pasha asali na siagi pamoja kwenye sufuria ndogo, uchovye mkate ungali wa moto.

Salum: Wiki ijayo basi tuletee harcha, ule mkate wa suji tupu.

Rehema: Inshallah. Nunueni suji mapema.