Mvutano hupunguaje kwa umbali? Tuujaribu kwa Mwezi

Chukua kikokotoo, karatasi na kalamu.

Andika kanuni juu kabisa: F = GMm/r². F ni kani ya mvutano, G ni namba isiyobadilika ya mvutano, M na m ni masi za vitu viwili, r ni umbali kutoka kitovu cha kimoja hadi kitovu cha kingine. Ile 2 ndogo juu ya r usiichezee. Umbali ukiwa mara mbili, kani hubaki robo. Ukiwa mara tatu, hubaki moja ya tisa, wala si moja ya tatu.

G hatutaigusa. Ina sifuri kumi baada ya nukta, na ukiitumia lazima kilomita zote uzigeuze kuwa mita. Uwiano unatuepusha na yote hayo.

Tuanze na Kituo cha Kimataifa cha Anga, kilomita 400 hivi juu yetu. Wengi huweka r = 400. Kosa! Kwa kipimo hicho, mtu aliyesimama ardhini ana r ya sifuri, na kikokotoo kitagoma. Anzia katikati ya Dunia: nusu kipenyo chake, kilomita 6,371, jumlisha 400 ni 6,771. Bonyeza 6371 ÷ 6771, halafu x². Unapata 0.885. Zidisha kwa 9.8, mchapuko wa mvutano hapa ardhini (mita kwa sekunde kwa sekunde), jibu ni 8.68. Kwa hiyo kule juu mvutano upo tele. Wanaanga huelea kwa kuwa wao na kituo chao wanaanguka pamoja.

Sasa Mwezi, jaribio alilolifanya Newton mwenyewe. Umbali ni kilomita 384,400. Gawa kwa 6,371: 60.3. Kipeo cha pili chake ni kama 3,640. Gawa 9.8 kwa hiyo: 0.00269. Iweke pembeni.

Tuhakiki kwa njia nyingine, kwa mwendo wa Mwezi wenyewe. Mchapuko wa kitu kinachozunguka ni 4π²r/T². Hapa mita na sekunde ni lazima: r ni 384,400,000, T, muda wa Mwezi kuzunguka mara moja, ni siku 27.32 mara sekunde 86,400 za siku moja. Usiweke siku 29.5, hizo ni za mwezi mwandamo hadi mwandamo, na Dunia nayo inakuwa imesogea kulizunguka Jua. Jibu: 0.00272.

Zimepishana kidogo, kama asilimia moja. Usifute kazi yako. Mwezi nao unaivuta Dunia, na masi yake ni 1/81 ya Dunia. Zidisha 0.00269 kwa 1 na 1/81, uone inafika wapi.