Ungerudi Wewe? Kassim na Zuhura

KASSIM: Kabla ya yote, mama mkwe kaihamishia zawadi yangu kabatini.

ZUHURA: Ndiyo hiyo umebeba?

KASSIM: Ndiyo. Shemeji wa biashara ya magari karudi kutoka Yokohama, Japani, kaniletea byobu ya mezani. Kile kiambaza cha karatasi cha kukunja, ila kidogo, vipande sita. Mawingu ya dhahabu, bahari, farasi. Nikaiweka kando ya tivii. Mama kaja Ijumaa, kavaa miwani, kainama: "Baba, huyu mtoto anafanywa nini hapa?"

ZUHURA: Mama ana macho! Ukamjibu nini?

KASSIM: Nikamwuliza kama atakunywa chai.

ZUHURA: Hebu lete. Aa, hii ni vita ya Ichi-no-Tani, 1184, ufukweni, ndani ya Kobe ya leo. Anza kulia, ndivyo inavyosomwa. Ukoo wa Taira umeshindwa, wanakimbilia mashua. Huyu aliye majini juu ya farasi ni Atsumori, kijana wa miaka 17. Huyu wa nchi kavu ni Kumagai Naozane, wa upande wa Minamoto, ukoo adui. Anamwita arudi, anampungia kipepeo, si mdudu, kile cha kujipepea.

KASSIM: Kipepeo.

ZUHURA: Kipepeo. Anamwambia ni aibu kumpa adui mgongo.

KASSIM: Na akarudi?

ZUHURA: Akarudi.

KASSIM: Zuhura, mimi kondakta wa daladala akiniita nimesahau mwavuli, sirudi. Wewe ungerudi?

ZUHURA: Inategemea kipepeo gani.

KASSIM: Kile cha ukindu, cha jikoni.

ZUHURA: Hicho narudi mbio. Anayekipunga ni mama na samaki yuko jikoni. (Wanacheka.) Basi ngoja. Byobu hizi mara nyingi huchorwa mbili mbili, na mwenzake Ichi-no-Tani ni vita ya Yashima, 1185. Kule mwanamke wa Taira yuko kwenye mashua, kasimamishiwa mti, na juu ya mti...

KASSIM: Usiniambie.

ZUHURA: Kipepeo! Wanawatania Minamoto wakilenge. Mpiga upinde wao, Nasu no Yoichi, akaingiza farasi majini, akakipiga mshale.

KASSIM: Hawa watu wasingekuwa na joto, vita vyote hivi visingekuwepo.

ZUHURA: (Anacheka.) Tuwe wastaarabu. Kumagai alipomwangusha Atsumori na kumvua kofia ya chuma, akakuta mtoto wa rika la mwanawe. Akataka kumwachia. Kugeuka, wenzake hao wanakuja. Akamkata kichwa huku analia. Kiunoni kwa kijana akakuta filimbi, na alfajiri ile Minamoto walisikia muziki kutoka kambi ya Taira. Baadaye Kumagai akawa mtawa wa Kibudha, chini ya mwalimu Honen.

KASSIM: Basi mama yuko sahihi. Hiyo si ya sebuleni.

ZUHURA: Ndiyo hasa ya sebuleni! Angalia, mchoraji hakuchora panga shingoni. Kachora mwito. Mkono juu, farasi anageuza shingo. Ukiijua hadithi, hapo ndipo panauma.

KASSIM: Na usiyeijua unaona dhahabu. Mauaji ya mtoto yamepakwa dhahabu yakawa pambo la kuweka karibu na rimoti.

ZUHURA: Si byobu zote zinaficha. Ipo ya kuanguka kwa ngome ya Osaka, 1615, imehifadhiwa kwenye makumbusho ya ngome hiyohiyo. Upande wa kushoto ni raia wanakimbia, wanaporwa, wanawake wanakamatwa. Na inasemekana aliyeagiza ichorwe ni wa ukoo wa Kuroda, walioshinda.

KASSIM: Hiyo shemeji hakuniletea. Dukani nani atakuuzia hiyo kama zawadi?

ZUHURA: Sasa tatizo ni duka au picha?

KASSIM: Tatizo ni mama kuuliza nami nikakosa cha kumjibu.

ZUHURA: Ungemsimulia.

KASSIM: Nimsimulie mama mkwe kukatwa kichwa, Ijumaa, kabla ya chakula? Hapana.

ZUHURA: Mimi ningeirudisha pale pale.

KASSIM: Kwako. Kwangu inabaki kabatini.

ZUHURA: Haya. Umebakiza dakika moja, na tulisema tutawapa watu mambo manne ya kuangalia ukinunua hizi za zawadi.

KASSIM: Taja.

ZUHURA: Usiiweke juani. La pili, bawaba. Nzuri ni za karatasi, zinakunjika mbele na nyuma, kwa hiyo ukiisimamisha usiinyooshe, iache imekunjamana, la sivyo—

KASSIM: Zuhura, wanatukata.

ZUHURA: —itaanguka. La tatu, migongo ya vipande, igeuze uone kama—

KASSIM: Tutupieni ujumbe: ungerudi au usingerudi? Kwaherini.