VVU ya Mbeya isomwe kwa herufi za Mbeya

Walionisikia mwaka jana wanivumilie, nitayarudia yaleyale mpaka yaingie. Vinasaba ni nini, mlifundishwa sekondari. Naanza na HXB2.

Huo ndio mfuatano wa herufi za vinasaba vya kirusi, A, C, G na T, ambao watafiti wa VVU dunia nzima hulinganishia ya kwao. Ni wa aina B, asili yake mgonjwa wa Ufaransa, na B ndiyo iliyotawala Ulaya na Marekani. Mbeya je? Hapa inaongoza C, zipo A na D, na wapo virusi chotara, maana mtu akiambukizwa aina mbili, nazo huchanganyika mwilini mwake. Mnashangaa nini? Tunduma ile pale mpakani na Zambia, Kasumulu ile kule mpakani na Malawi, na malori yote yanapita hapahapa mjini.

Najua kuna atakayenyoosha mkono: "Daktari, dawa si zinafanya kazi kwa aina zote?" Zinafanya. Msije mkafika Mwanjelwa mkasema nimezikataa. Ninachosema ni jinsi usugu wa dawa unavyoingia. Tazameni kimeng'enya ambacho kirusi hutumia kujinakili, nafasi ya 106. Kila herufi tatu hutaja tofali moja la protini. Kwenye B kwa kawaida pameandikwa GTA, kwenye C ni GTG. Zote hutaja tofali lilelile, valini, protini haibadiliki. Sasa pakiingia tofali jingine, methionini, yaani ATG, efavirenzi, dawa ya VVU tuliyowapa wagonjwa miaka mingi, inashindwa. Hesabuni wenyewe! Kutoka GTG inatosha G ya mwanzo iwe A. Kutoka GTA, lazima zibadilike herufi mbili. Ndiyo maana badiliko hilo, V106M, huonekana zaidi kwenye C. Halafu mwanafunzi ananiletea jedwali, herufi za namna hiyo kazifuta, ati hazina kazi. Hazina kazi!

HXB2 itumieni kuhesabia nafasi, hata mimi naitumia. Ila mkitaka kujua usugu utatokea wapi, someni mifuatano ya hapa, na kila mmoja uandikiwe sampuli ilichukuliwa lini, wapi, na mgonjwa alikuwa anatumia dawa gani.

Kifua kikuu nacho nilikipangia muda, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Kwa kifupi: mashine ya kupimia, GeneXpert, hutafuta usugu wa rifampisini, dawa ya kifua kikuu, kwenye herufi 81 tu za jeni ya rpoB ya bakteria wake. Eswatini kulikuwa na badiliko la I491F nje ya herufi hizo, na mashine haikuliona. Haya, maswali.