Inuka kitini kwanza, vidonge baadaye

Shikamooni wazee wangu. Na nyinyi vijana mliojibanza mlangoni, karibuni mbele, hili la msuli kuzeeka linawahusu.

Wanaonijua wanajua naanzia kwenye kiti. Kunja mikono kifuani, inuka, kaa, mara tano, bila kushika meza wala bega la jirani. Ukizidisha sekunde 15, miguu imeanza kukudai.

Mzee mmoja aliniletea kliniki mfuko wa rambo umejaa makopo ya vidonge vya vitamini. Akayapanga mezani moja moja kama anauza duka. "Mwanangu, hivi vinaondoa kutu mwilini." Nikamwomba ainuke. Akashika meza kwa mikono miwili, makopo yakaporomoka yote, tukaokota pamoja.

Neno lake la kutu silicheki. Mwaka 1956 Mmarekani Denham Harman alidai kwamba tunazeeshwa na radikali huru, yale masalia machokozi ya oksijeni. Kwenye msuli mengi yanatoka kwenye mitokondria, majiko ya seli. Umri ukienda, majiko hayo yanavuja zaidi na usafi unazorota; protini na mafuta ya seli vinaungua. Nyuzi za msuli zilizo za haraka, zile za kukudaka unapojikwaa, ndizo zinazosinyaa zaidi. Neva nazo zinakufa, nyuzi zinabaki yatima.

"Basi daktari, si tumeze dawa ya kutu?" Nilijua mtauliza! Kila mwaka mnauliza.

Msuli ukifanya kazi nao unatoa radikali hizo hizo chokozi, kwa muda mfupi. Hizo ndizo zinazopiga hodi ili seli iamke, ijenge ulinzi wake yenyewe. Mnyamazishe mpiga hodi, wenye nyumba wataendelea kulala. Mwaka 2009 watafiti wa Ujerumani waliwafanyisha vijana mazoezi wiki nne, baadhi wakimeza kila siku vitamini C miligramu 1,000 na vitamini E yuniti 400. Wasiomeza, insulini yao, ile homoni ya kushusha sukari kwenye damu, ikaanza kufanya kazi vizuri zaidi. Waliomeza, hola. Tena Norwei, mwaka 2016, wanaume wazee walinyanyua vyuma wiki 12: wasiomeza vidonge waliongeza mwili usio mafuta asilimia 3.9, waliomeza 1.4. Yaani unalipa hela ili jasho lako lipungue thamani.

Machungwa kuleni, jamani. Sijamgusa mwenye genge. Nasema kopo.

Na usiniambie "mimi nimeshazeeka, chuma cha nini". Boston, mwaka 1990, wakazi kumi wa nyumba ya wazee, wenye miaka 86 hadi 96, walipewa mazoezi mazito ya miguu kwa wiki nane. Mmoja aliacha njiani. Waliomaliza nguvu ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Wawili wakaacha mkongojo. Bibi wa miaka tisini! Wewe wa hamsini na tano unatuma mjukuu akuletee rimoti.

Kuhusu chakula nilikuwa na mengi, lakini mshereheshaji ananionyesha saa. Kwa kifupi: mayai, dagaa, maharage, na siyo mlo wa usiku peke yake. Usingizi naruka. Sigara mnajua.

Mama wa kitenge cha bluu, naona umeinuka. Hukushika meza? Nimekuona ukishika. Kaa, tuanze upya, nahesabu mimi.