Jaketi la Bluu Linaokotwa kwa Bahati

Assalaam aleikum, na habari za asubuhi. Manahodha, wenye vyombo, na nyie vijana wa nyavu mliojificha nyuma: nawaona. Yule wa fulana nyekundu nimemwona kwanza, na baadaye nitarudi kwake.

Leo ni rangi: ipi huonekana mtu akianguka baharini. Naanza na kitambaa hiki cha bluu. Mwenye kununua jaketi okozi la rangi hii ukimuuliza sababu, atakwambia haionyeshi uchafu. Kweli kabisa, haionyeshi uchafu. Na mtu pia haimwonyeshi.

Sasa nakichovya ndooni. Mmeona? Kimekoza. Nguo ikilowa, maji hujaza nafasi kati ya nyuzi, na mwanga mwingi huzama ndani badala ya kurudi machoni. Rangi uliyoipenda dukani ikiwa kavu siyo utakayoelea nayo. Hii ya machungwa nayo naichovya: imekoza kidogo, lakini bado inapiga kelele.

Kwa nini? Jicho la mtu lina aina tatu za koni, vile vipokezi vya rangi, na ubongo hupima tofauti kati yake. Kuna mizani ya wekundu na ukijani, kuna ya ubluu na umanjano, na kuna ya mwanga na giza. Machungwa juu ya bahari ya bluu yanatofautiana nayo kwenye mizani zote mbili za rangi. Bluu juu ya bluu haina pa kushikwa, imebaki na mwanga na giza tu, na hapo inashindana na kivuli cha kila wimbi.

Najua kuna atakayesema: mimi nyekundu na kijani huwa zinanichanganya. Wapo wanaume wa hivyo. Ulaya ni kama 8 katika kila 100, huku kwetu ni wachache zaidi. Lakini mizani ya bluu na njano wanayo nzima, kwa hiyo machungwa juu ya maji ya bluu wanayaona. Nyekundu tupu ndiyo inayowasaliti baadhi yao, maana wao huiona nyeusi.

Mwingine atasema njano na machungwa humwita papa. Jamani! Papa wengi waliochunguzwa macho wana aina moja tu ya koni, au hawana kabisa, kwa hiyo rangi kama rangi haimhusu; anaona kung'aa na giza. Anayetaka kujificha kwa papa kwa kuvaa bluu amejificha pia kwa boti inayomtafuta. Achague.

Mimi ukiniuliza rangi ipi, nitakuuliza nyuma yake kuna nini. Bahari ikiwa na povu, jeupe linapotea. Mtu akisukumwa hadi kwenye mikoko, maneno yangu yanageuka: kule majani makavu ni ya njano na kahawia, tope ni la kahawia, na machungwa yanaanza kufanana na jirani zake. Kule turubai la bluu ndilo linalogutusha, kwa sababu mikoko haina kitu cha bluu. Nimelisema hili mara nyingi na bado naulizwa "rangi nzuri ni ipi?"

Na rangi bila ukubwa ni bure. Kichwa cha mtu kina upana wa sentimita 15 hivi. Kwa umbali wa mita 500, hicho ni sawa na nukta ya sehemu ya tano ya milimita ukiitazama kwenye mkono ulionyooshwa, na kwenye nukta ndogo hivyo rangi ndiyo hutangulia kufa. Utaona doa tu. Kwa hiyo weka chomboni kitambaa cha machungwa cha mita moja kwa mita moja, chenye duara na mraba mweusi. Hiyo ni alama ya dhiki inayotambulika kimataifa, hata na rubani.

Nunua machungwa yale makali ya rifleka za bodaboda. Hayo hunyonya miale tusiyoiona na mwanga wa bluu, kisha huvitoa kama machungwa, ndiyo maana siku ya mawingu yanang'aa kuliko kila kitu. Lakini jua huyaua. Jaketi lisianikwe juani. Litundike kivulini, na likipauka badilisha.

Haya, fulana nyekundu. Jua likizama, jicho huhamia kwenye vipokezi vya usiku ambavyo nyekundu karibu haviioni. Mchana ulikuwa wa kwanza, magharibi fulana yako ni nyeusi. Usiku ni utepe wa kurudisha mwanga peke yake, na utepe huo humrudishia mwanga yule aliyeutuma. Tochi ishikwe kando ya jicho, sawa na panda la uso. Ukiishika kiunoni, mwanga unarudi kiunoni.

Kutafuta: jua liwe mgongoni, maana ukilielekea, machungwa yote ni kivuli. Usifagie kwa macho. Simamisha jicho, hesabu mbili, sogea upana wa ngumi. Kila nusu saa mbadilishane.

Muda umekwisha, mwenye ukumbi amesimama mlangoni. La mwisho ni deheni, ule mchanganyiko wa mafuta na chokaa tunaopaka chini ya chombo. Chombo kikipinduka, kinachoonekana ni tumbo lake, na deheni ni nyeupe kama povu. Kwangua pande mbili za mkuku, ule mti mrefu wa chini ya chombo, kwa sababu rangi haishiki kwenye mafuta, kisha upige mstari wa machungwa upana wa shubiri mbili.

Ndoo na vitambaa naviacha hapa. Mmoja aende mwisho wa gati, avitupe vyote viwili majini kwa kamba, wengine mrudi nyuma mkihesabu hatua, muone kipi kinapotea kwanza.